Vile nafundisha sayansi ya kila siku kwa Gredi ya 7 hapa Lamu, hatua kwa hatua

Muhula huu nimekaa na mwalimu mgeni aliyeletwa huku kutoka bara, kijana ana bidii zake, ila somo lake la kwanza la umuhimu wa sayansi maishani lilikuwa orodha ubaoni: dawa, umeme, mawasiliano, usafiri. Watoto wakanakili, kengele ikalia, basi. Kesho yake ukiwauliza wanakujibu kama kasuku. Na hawa ni watoto wanaojua vizuri kwamba boti ya Faza haingoji saa ya ukutani, yangoja maji, wanajua kisima kipi cha kunywa na kipi cha kufulia, sema hakuna aliyewahi kuwaambia hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Tukakaa tukapanga somo upya, na kwa vile wengine pia wameniuliza naandika yote hapa.

Kabla ya yote shika hili moja: mtoto lazima akisie kwanza, kwa kalamu, kitu ambacho kinaweza kwenda mrama. Kama hawezi kukosea basi hajapima chochote, amesikiliza maelezo tu.

Hatua ya 1: Tafuta kitu ambacho kwao tayari wanakiamulia

Uliza darasa: jana nyumbani kwenu kuna lililoamuliwa kwa sababu ya maji, upepo, joto ama wadudu? Watakwambia baba alingoja maji yajae ndio atoe mashua, mama alifunika mtungi, nyanya alikataa samaki wa juzi. Chagua kimoja kinachopimika kwa macho na saa. Wenzetu wa Malindi najua mtataka kuanza na Ngomeni, kwamba pale ndipo iliporushwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani. Ni hadithi tamu, waambieni, lakini isiwe somo la kwanza maana hakuna mtoto atakayeenda kuipima jioni akitoka shule.

Hatua ya 2: Watume kwa wazee

Swali moja tu: "Babu, unajuaje maji yatajaa saa ngapi kesho?" Jibu waliandike lilivyosemwa, wasilipambe.

Hatua ya 3: Kisio kwenye daftari

Tarehe, saa, kisio, sahihi ya jirani yake. Penseli hapana.

Hatua ya 4: Maji kujaa na kupwa (hapa ndipo watu wanapokwama)

Vitabu vingi vinakwambia ukachomeke fimbo yenye alama ufukweni. Wewe usichomeke fimbo. Bamvua la huku, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, sasa ufukwe wenyewe umelala, fimbo ukiichomeka juu itabaki kavu nusu siku, ukiichomeka chini itazama yote, na matope hayaishiki, boti ikipita na mawimbi yake imeinama, mtoto asoma alama za fimbo iliyolala na hesabu yote imeharibika. Tumia ngazi za gati. Zimejengwa kwa simiti, hazisogei, na mtoto wa darasa lolote aweza kuhesabu ngazi ngapi ziko kavu. Pima urefu wa ngazi moja kwa rula, andika pembeni ya daftari, umemaliza. Omba ruhusa kwa wenye gati na muelewane na mabaharia, wasije wakaona watoto wamejipanga pale wakadhani ni fujo. Watoto wakae juu, hakuna kushuka ngazi zenye kijani kwa sababu zinateleza vibaya sana.

Siku ya kuanza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Siku za bamvua maji huku hujaa mida ya saa kumi jioni hivi, kisha kila siku yanachelewa, kwa hivyo ukianza siku ya bamvua lenyewe baada ya siku chache tu unapima magharibi, giza, na watoto wako chuoni, yaani madrasa. Mimi huanza mwezi wa angani ukiwa na siku kumi na mbili ama kumi na tatu, hapo maji yajaa mchana kisha yanasogea polepole kuelekea jioni. Tarehe ya mwezi wanaijua wenyewe, uliza tu mtoto yeyote anayesoma chuo.

Sasa, kujua maji yamejaa *saa ngapi hasa*. Hapa mtaumia kichwa. Maji yakikaribia kujaa husimama, unatazama nusu saa nzima huoni tofauti, huyu asema yamejaa sasa, yule asema bado, wanaanza kugombana. Dawa yake ni hii: usitafute kilele. Chagua ngazi moja iliyo chini kidogo ya kilele, andika saa maji yalipoifika yakipanda, andika saa yalipoiacha yakishuka, katikati yake ndio saa ya kujaa. Mfano yaliifika saa tisa na nusu, yakaiacha saa kumi na dakika hamsini, basi yalijaa saa kumi na dakika kumi. Njia hii imenipa matokeo mazuri kuliko kitu chochote kingine na haitaki kifaa. Mawimbi yakiwa mengi soma juu ya wimbi na chini ya wimbi, ugawe kwa mbili.

Halafu kuna balaa la saa. Mmoja ameandika saa 10, mwingine 16:00 ya simu, mwingine 4, na wote wanamaanisha wakati mmoja, sasa ukija kuchora grafu unapata vitu vya ajabu. Amua tangu mwanzo: saa za Kiswahili, na mbele yake neno asubuhi, mchana, jioni ama usiku. Asiyeandika neno hilo namba yake haihesabiwi. Ukali huu utakuokoa.

Programu za simu za kuonyesha maji sizipendi kabla ya kisio. Mtoto atanakili, na mara nyingi namba zenyewe ni za bandari nyingine. Wakishamaliza wiki yao, hapo fungua, mlinganishe.

Kisio chenyewe: maji hujaa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hivyo ya kesho yatachelewa kama dakika 50. Lakini usiwape namba hii! Waache wakisie kutokana na maneno ya wazee, wapime siku mbili tatu, waitoe wenyewe. Na ujiandae, hiyo 50 ni wastani. Karibu na bamvua kuchelewa ni kudogo, dakika thelathini na kitu arobaini, na wakati wa maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo tu, kunapita saa nzima, kwa hivyo mtoto aliyepata 38 hajakosea, usimkate. Kitu kingine cha kuwasumbua ni kwamba bamvua kubwa kabisa halitokei siku ile ile mwezi unapoandama ama unapokuwa mpevu, huja siku moja au mbili baadaye. Darasani kuna atakayesema sayansi imedanganya. Mpe nafasi aseme, kisha mrudishe kwenye jibu la babu yake la hatua ya 2, wengi wa wazee huwa wamelisema hilo tayari.

Baada ya grafu, baada yake si kabla, ndio unaeleza: mwezi unavuta maji, na kwa sababu nao unasogea kuizunguka dunia, dunia lazima izunguke kidogo zaidi kila siku ndio tuufikie tena, huko ndiko kuchelewa kunakotoka. Jua nalo linavuta, karibu nusu ya nguvu ya mwezi. Vikiwa mstari mmoja ni bamvua, vikiwa pembe mraba ni maji mafu. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 5: Kisima, jabia na sabuni

Chupa tatu za plastiki zinazolingana: maji ya mvua ya jabia (lile tangi la kujengwa la kuwekea maji ya mvua), maji ya kisima, maji ya bahari. Kisio: ipi itatoa povu kwanza? Kwangua sabuni, iyeyushe kwenye maji ya mvua, tia tone moja moja kwenye kila chupa ukitikisa hadi povu lisimame, hesabu matone. Lazima iwe sabuni ya kipande, ya unga imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu na itakuharibia somo. Kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe maji yake yana kalsiamu, hiyo ndiyo inashikana na sabuni na kufanya ule utando mweupe, na pale nyumbani ndio maana kufua kwa maji hayo kunakula sabuni. Hapo utaingiza mchanga wa Shela: mvua inazama kwenye matuta, maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi kwa kuwa ni mepesi, ukivuta mengi kupita kiasi ya chumvi yanapanda. Mtoto akishaelewa hivyo ataelewa kwa nini watu wanapigania yale matuta yasijengwe.

Kuonja marufuku. Na ile ya yai kuelea kwenye maji ya bahari achana nayo, yai bichi zima linazama baharini pia, linahitaji chumvi nyingi zaidi ya hiyo.

Hatua ya 6: Mbu wa birika

Nyumba za zamani za hapa mjini zilikuwa na samaki wadogo kwenye birika, lile tangi la maji la ndani ya nyumba, wakila viluwiluwi vya mbu. Waulize nyanya zao, watafurahi kuelezea. Kisha mitungi mitatu: mmoja umefunikwa, mmoja wazi, mmoja wazi wenye samaki. Wakisie viluwiluwi vitakuwa vingapi, wahesabu kila siku. Siku ya nne ama ya tano hivi ule wa wazi ufunge kwa neti, la sivyo umefuga mbu ukawaachilia kwa jirani. Kutoka yai hadi mbu ni kama wiki hadi siku kumi kwa joto letu, kwa hivyo hapo hapo wataona kwa nini kumwaga na kusugua mitungi mara moja kwa wiki kunatosha kuvunja mzunguko. Wazazi wengi wanaikumbuka chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ya 2004 iliyolaza mji karibu mzima. Ilikuwa wakati wa ukame, watu wameweka maji majumbani, na mbu wake huzaa kwenye maji safi kama hayo, tena huuma mchana, neti ya kitandani peke yake haikutoshi.

Hatua ya 7: Alama

Alama usimpe aliyepatia. Mpe aliyekisia kwa sababu, akapima kwa utaratibu, na akaandika tofauti ilivyokuwa bila kuifuta. Ukianza kuwapa waliopatia tu, wiki ijayo visio vyote vitakuwa sahihi kimiujiza, na daftari zote zitakuwa na wino wa rangi moja ulioandikwa siku moja.