Siku ya wanaume Wakatoliki ngazi ya dekania (kundi la parokia jirani): namna ya kuiandaa

Anzeni na tarehe. Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, huangukia Kwaresima kila mwaka, kwa hiyo nyama choma na muziki havikai vizuri. Afadhali 1 Mei, Yosefu Mfanyakazi: ni sikukuu ya taifa, hakuna wa kuomba ruhusa kazini (ingawa wenye maandamano ya Mei Mosi watachelewa).

Michango ikusanywe na mweka hazina wa kila parokia, na ifungwe siku 10 kabla. Mkiruhusu watu walipie getini, mpishi hana hesabu, na wa mwisho kwenye foleni huambulia mchuzi mtupu. Kwa watu 100 wekeni mchele kilo 15 na nyama ya mifupa kilo 25. Moto uwashwe kabla ya Misa, si baada ya baraka ya mwisho.

Kinachoua undugu ni kila parokia kukaa kivyake. Gaweni namba 1 hadi 10 mlangoni mwa kanisa. Kila namba ina meza yake. Timu za kuvuta kamba, watu 8 kila upande, zitoke kwenye meza hizo hizo, na wazee wawe waamuzi. Tumieni kamba nene ya katani; ya nailoni huchuna viganja.