Kabla ya Kukata Tiketi ya Treni ya SGR, Tazama Mwezi: Ufukwe wa Kuogelea na Watoto

Familia nyingi za Dodoma huchagua ufukwe kwa picha: mchanga mweupe, minazi, maji ya buluu. Picha haisemi ilipigwa saa ngapi. Bwawa la Hombolo ulilolikuta asubuhi utalikuta palepale jioni, lakini bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na ufukwe uleule unaweza kufaa alasiri na usifae asubuhi.

Basi anza na mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hupwa mbali, kisha hujaa sana. Siku hizo, pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar, maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo, na maji hujaa mnamo saa nne asubuhi. Mwenye watoto wadogo achague maji mafu. Kumbuka pia kwamba kila siku saa za kujaa na kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Kwa Zanzibar, fukwe za Nungwi na Kendwa huogeleka hata maji yakipwa. Paje na Jambiani maji hurudi mbali mno, mkabaki kutembea kwenye mchanga na mashamba ya mwani. Pazuri kwa matembezi. Coco Beach ya Dar es Salaam ina miamba ambayo maji yakijaa huifunika, kwa hiyo ione kwanza ilipo maji yakiwa yamekupwa. Wakati wa masika epuka midomo ya mito na mifereji, maana mvua huleta uchafu wa mji mzima.

Mkifika, watoto wasubiri. Mtu mzima mmoja aingie amevaa raba, akihesabu hatua. Akifika hatua ya 20 na maji hayajapita kiuno, chini kukiwa mchanga mtupu, panafaa. Maji yakiruka kutoka magotini hadi kifuani kwa hatua mbili tatu, hamieni kwingine. Raba ni kwa ajili ya vile viumbe vyeusi vya mviringo vinavyokaa kwenye mawe: miiba yao hukatikia ndani ya unyayo.

Hatari inayowadanganya zaidi waliozoea bwawa ni utulivu. Ukiona mawimbi yanavunjika kulia na kushoto, katikati pametulia na povu linaelekea nje, hapo ndipo mkondo unaporudi baharini. Aliyeshikwa nao asishindane nao. Aogelee sambamba na ufukwe hadi autoke, ndipo arudi nchi kavu.

Waulize wavuvi mahali watoto wao wanapoogea. Mtoto asiyejua kuogelea akae umbali wa mkono wako, maji yasipite kiuno chake. Na upepo ukivuma kutoka nchi kavu, boya la kupuliza libaki kwenye begi: husukumwa nje haraka kuliko mzazi anavyoweza kulifuata.