Gari ya zamani: namna ya kujua imepitia nini kabla hujalipa

Binamu yangu alinipitia hapa Ntinda, Kampala, na Toyota Premio yake mpya, yaani mpya kwake, ni ya 2004, dashibodi inasoma kilomita 78,000 na anafurahi kweli. Nikafungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo ya mlango kuna stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili, imefifia lakini namba zinasomeka, 141,000. Hizo ni kilomita za Japani, kabla gari haijapanda meli ya Mombasa. Na alikuwa ameshalipa zote. Iliniuma sana, kwa hiyo naandika hapa kila kitu ninachoangalia mimi, mwenye kununua asome kwanza.

Kitu cha kwanza uelewe ni kwamba hapa Uganda hakuna mahali pamoja pa kuingiza namba pleti ukaona gari ilipimwa lini na ikafeli nini. Ukaguzi wa lazima wa magari ulianza hapa kwetu lakini ukasimamishwa 2017, kwa hiyo gari nyingi za watu binafsi zimekaa miaka na miaka hakuna aliyezipima. Uingereza ndio wanayo hio kitu, inaitwa MOT, gari ikifikisha miaka 3 inapimwa kila mwaka na matokeo yako wazi bure kwenye tovuti ya serikali yao, GOV.UK. Basi kama unaangalia Land Rover au Benzi iliyotoka kule, itisha makaratasi yake ya zamani, toa namba pleti yake ya Uingereza, iingize. Utaona ilifeli mwaka gani, kwa sababu gani, kutu au breki au nini, na siku ile mita ilisoma ngapi. Kumbuka zile ni maili, zidisha kwa 1.6 upate kilomita.

Lakini wengi wetu tunanunua za Japani, na hapa kazi ni kuokota vipande vipande. Karatasi muhimu kuliko zote ni ile eksipoti satifiketi ya Japani, cheti cha kutoa gari nje ya nchi. Muuzaji akikwambia ilipotea, usigombane naye, ila ujue ushakosa shahidi mkubwa na bei ishuke kwa sababu hio. Kwenye hio satifiketi kuna namba ya chesisi, mwezi na mwaka gari iliposajiliwa mara ya kwanza, na mara nyingi kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao, maana Wajapani wanapima gari mpya baada ya miaka 3 halafu kila miaka 2. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu yao usichanganyikiwe, H maana yake Heisei, jumlisha 1988, kwa hiyo H16 ni 2004. Ikiwa ni R, Reiwa, jumlisha 2018.

Halafu chukua tochi, tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, kwa Toyota nyingi ndogo iko kwenye ule ukuta wa chuma nyuma ya injini, na uilinganishe na satifiketi na logibuku (kitabu cha usajili wa gari), herufi kwa herufi. Usiridhike na kile kibati cha kubandika peke yake. Ukiona chuma pale kimekwaruzwa, kimechomelewa au kina rangi tofauti, rudisha ufunguo uende nyumbani.

Kama gari ilipitia mnada kule basi ilikuwa na shiti ya mnada, karatasi ya mkaguzi inayoeleza hali ya gari. Gredi 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 ni ya kawaida, na ukiona R au RA ujue iligongwa ikatengenezwa. Shida ni kwamba shiti inaweza kuchezewa kwa kompyuta, kwa hiyo usiamini picha aliyokutumia broka kwa WhatsApp. Kuna huduma za kulipia mtandaoni, unawapa namba ya chesisi wanakutafutia shiti yenyewe. Pia uliza satifiketi ya ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, ile inayotakiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, kama gari iliingia miaka ya karibuni.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo watu hawaifanyi. Sheria iliyobadilishwa 2018 inakataza kuingiza gari yenye miaka 15 au zaidi tangu itengenezwe. Sasa mtu akikwambia hii ya 2004 imetoka bondi (yadi ya magari yaliyoingizwa) juzi, hio haiwezekani, iko kwenye barabara zetu miaka mingi tayari. Angalia na namba pleti: kwa zile za mtindo wa zamani, zinazoanza na UA zilisajiliwa hapa kabla ya zile za UB. Gari ya UA iliyokimbia Kampala hadi Mbarara kila wiki haiwezi kuwa na kilomita za gari ya bibi aliyekuwa akienda kanisani tu, na ikiwa ilifanya speshoo, yaani teksi ya kukodi, haya ndio usiseme.

Ukimaliza karatasi nenda kwenye bodi, maana bodi nayo ina tarehe zake. Vuta mikanda yote ya viti mpaka mwisho, chini kabisa kuna lebo yenye mwaka, mmoja ukiwa wa mwaka tofauti na mingine basi ulibadilishwa, na mkanda haubadilishwi hivi hivi, pengine iligongwa. Ukiona mstari wa matope kwenye huo mkanda, hio gari iliingia maji, funua na kapeti chini ya tairi ya speya uangalie kutu. Vioo navyo, vyote viwe na chapa moja, kimoja kikiwa cha kampuni nyingine uliza kilivunjikaje. Bolti za fenda kama zimekwaruzwa rangi, zimefunguliwa. Beba sumaku ndogo, ipitishe kwenye milango na pembeni, mahali inapokataa kushika kuna pati nene, ile ya kuziba mabonde, chini ya rangi. Na raba ya pedali ya breki, jamani, ikiwa imelika mpaka chuma na mita inasema 78,000, amini raba.

Ukiwasha swichi bila kupiga stata, taa ya injini na ya eabagi lazima ziwake. Taa ya eabagi ikawake kidogo halafu izime. Isipowaka kabisa huenda kuna mtu aliiua makusudi, na ndani pengine eabagi hamna. Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika, ukifika gusa injini, ikiwa ya moto huenda kuna kitu alitaka usisikie injini ikiwashwa ya baridi. Moshi wa bluu ni oili inaungua.

Fundi awe wako, umlipe wewe, asiwe rafiki wa muuzaji. Ipandishwe juu aangalie bushi, shokapu na mahali palipochomelewa. Barabara zetu zinamaliza chini kabla ya injini.

Sasa maofisi. Usajili wa magari ulitoka URA, mamlaka ya mapato, ukaenda Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo logibuku inahakikishwa huko, jina la mwenye gari lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Angalia faini za EPS, zile za trafiki za papo kwa papo, kwa namba pleti. Gari iliyopata ajali ikafika polisi hukaguliwa na IOV, mkaguzi wa magari wa polisi, na ripoti inaandikwa, muulize muuzaji moja kwa moja kama ipo, na jibu lake liingie kwenye mkataba. URSB, ofisi ya serikali ya usajili, nao wana rejista ya mali iliyowekwa rehani, cheki hapo kama kuna mkopo juu ya gari.

Siku ya kulipa, kwenye mkataba andikeni kilomita zinazosomwa siku hio, tarehe, na namba ya chesisi mliyoisoma kwenye chuma, wote wawili na mashahidi mtie sahihi. Piga picha ya dashibodi mita ikionekana. Stika ya Kijapani ukiikuta usiibandue, iache palepale, na kila ukibadilisha oili mwambie fundi aandike kilomita kwenye risiti, uziweke pamoja na logibuku.