Kukadiria usambaaji wa moshi hewani kwa modeli ya Gauss

Modeli ya Gauss huchukulia kuwa moshi ni mzito zaidi kwenye mstari wake wa katikati na hupungua pande zote kwa umbo la kengele. Kabla ya kugusa hesabu zake, kusanya mambo manne: kiasi cha uchafu kinachotoka kila sekunde (Q, kwa gramu), kasi ya upepo (u, kwa mita kwa sekunde), urefu wa dohani pamoja na kimo ambacho moshi wenye joto hupanda kabla ya kulazwa na upepo (H), na hali ya utulivu wa angahewa. Hilo la nne hupuuzwa mara nyingi, ilhali ndilo linalogeuza matokeo.

Mwaka 1961 Frank Pasquill wa Uingereza alieleza madaraja ya utulivu kuanzia A, yaani jua kali na upepo hafifu vinavyoivuruga hewa juu na chini, hadi F, usiku wa anga wazi ambapo hewa baridi hutanda chini bila kupanda. Daraja D ni siku ya mawingu mazito. Ukishajua daraja, unapata upana wa moshi (σy) na kina chake (σz) kwa umbali x wa mita kutoka kwenye chanzo. Katika eneo lililo wazi, kanuni za mtafiti Briggs kwa daraja D ni σy = 0.08x ÷ √(1 + 0.0001x) na σz = 0.06x ÷ √(1 + 0.0015x).

Mkusanyiko wa uchafu (C) usawa wa ardhi, chini ya mstari wa katikati wa moshi, ni:

C = Q ÷ (π u σy σz) × e^(−H² ÷ 2σz²)

Chukua Q ya gramu 10, H ya mita 50, upepo wa mita 4 kwa sekunde na daraja D. Kwenye umbali wa mita 1,000, σy ni takriban 76 na σz ni 38, hivyo C inakuwa kama gramu 0.000115, yaani maikrogramu 115, kwa mita ya ujazo. Usiku wa daraja F, ambalo σy na σz zake ni ndogo zaidi, kwa upepo wa mita 2, jibu hushuka hadi chini ya maikrogramu 1, kwa kuwa moshi unapita juu bila kushuka. Lakini choma taka ardhini (H ikiwa 0) usiku huohuo, kwa gramu 1 tu kwa sekunde: umbali uleule utapata takriban maikrogramu 340. Wanaolala karibu na majalala yanayowaka ndio wanaoubeba mzigo huo, na modeli isiyoingiza saa za usiku haitawaona kamwe.

Usiitumie kanuni hii upepo unapokaribia kutulia, wala katikati ya majengo marefu. Pwani kama Dar es Salaam inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu upepo wa bahari wa mchana na umande, yaani upepo wa usiku utokao nchi kavu, hupindua mwelekeo siku moja, na pepo za msimu za Kusi na Kaskazi hubadilisha msimu mzima. Hapo tumia AERMOD, programu ya bure ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, inayosoma takwimu za hali ya hewa za kila saa. Iendeshe kwa mwaka mzima au zaidi, kisha tafuta wastani wa saa 24 kabla ya kulinganisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha 2021, ambacho kwa chembe za PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ni maikrogramu 15. Jibu la saa moja halilinganishwi nacho moja kwa moja.