Zinki haifai kwa injini za boti Ziwa Victoria
Ndugu mnaofunga boti zenu Port Bell, Ggaba au Entebbe, kagueni kile kipande cha madini kilichofungwa chini ya injini ili kiliwe na kutu badala ya injini yenyewe, kwa sababu kikiwa cha zinki, ambayo hufaa katika maji ya chumvi, hapa kwenye maji baridi ya ziwa hujifunika utando mgumu na kuacha kabisa kuikinga alumini ya injini. Wekeni cha magnesiamu, msikipake rangi kamwe, na mkibadilishe kikiliwa nusu. Injini iinuliwe kutoka majini kila boti inapofungwa. Na kabla ya kuiwasha, ondoeni magugu maji kwenye matundu yanayovuta maji ya kupozea, kwani yakiziba injini huchemka.