Namna ya kuchunga upinde ya mti mu mvua za Bukavu

Watu wengi wanaogopaka mvua tu, wanafunga upinde mu sashe ya plastiki wanaona imeisha, kumbe mvua inanyesha saa moja inapita, lakini ile hewa ya maji-maji ya huku kwetu inaingia mu mti usiku na mchana kuanzia mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5. Na sashe njo mubaya zaidi, inafungia maji ndani.

Mti hata ikauke namna gani inaendeleaka kunywa hewa. Unyevu wa hewa ukikaa kwa 65%, mti inatulia na maji karibu 12%, ukipanda 80% inafika karibu 16%, na hapo upinde inakuwa ya uvivu, mshale inaanguka karibu, tena ukiivuta hivyo inabaki imejikunja hata ukitoa kamba. Namna ya kujua ni kupima kilo. Mi yangu naipimaka ku balanse ndogo ya jikoni: mwezi wa 7 ilikuwa gramu 540, mwezi wa 11 ikafika 560. Ile 20 yote ni maji, haukuongeza kitu.

Kupakala, fanya mu kiangazi, mwezi wa 7 ao wa 8, juu ukipakala mu mvua unafungia maji ndani. Usitumie mawese, naona watu wanatumia, ile haikauke, inanuka na panya zinakuja kulamba. Kamata mafuta ya lin (ya mbegu za kitani), ile ya kukauka haraka, pakala kidogo sana na kitambala, ngoja siku moja, rudilia mara 3 ao 4. Lakini mafuta peke yake haizuie sana hewa ya maji, ukitaka kuzuia kweli weka verni juu, koti nyembamba nyembamba, unapitisha papye de ver (msasa) ya laini kati ya koti na koti. Ncha mbili za upinde uzipe koti zaidi kuliko fasi zingine, pale mishipa ya mti imekatwa inanyonya kama mrija, na pale kamba inakaa verni inatokaka haraka, uangaliaka. Na tafazali kile kitambala chenye mafuta ya lin usikikunje ukitupe mu kona, kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kianike inje kikiwa wazi, ao kilowanishe maji kwanza.

Ikinyeshewa: toa kamba palepale, pangusa, laza upinde ku misumari mbili mu kivuli, siku 3 mpaka wiki, usiivute. Mi ya kwanza niliiua hivi: nilirudi nimelowana, nikaiweka juu ya mbabula ikauke mbio nikiwa nasikia njaa, inje ikakauka ndani ikabaki na maji, nikasikia "ka!", ufa urefu wa kidole katikati ya mkono wa upinde. Ilikuwa ya babu. Hata leo bakubwa hawanisamehe.

Kuiweka mu nyumba: ku ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua, si chini ya manjanja (mabati ya paa, usiku zinatoa jasho, saa sita zinachoma), na usiisimamishe ku kona juu ya simenti, ncha ya chini itanyonya. Mufuko wa kitambala iko sawa. Kamba itolewe kila ukimaliza, hata kama kesho asubuhi utaitumia tena.

Kamba yenyewe, kama ni ya msituni ao ya ngozi, inalegea ikilowana, basi isugue na nta ya nyuki halafu pitisha kipande cha ngozi mbio mbio mpaka usikie moto ku vidole, nta inaingia. Ya dakron (uzi wa plastiki) haina shida sana. Mishale nayo, manyoya ikilala kwa ajili ya maji, pitisha juu ya mvuke wa sufuria inasimama tena, na chuma ya mbele uipake mafuta kidogo isishike kutu.

Ah, na kabla mtu aniulize: Kahuzi-Biega ni parke tangu 1970, huko hakuna kuwinda, mi naongea upinde ya kupiga shabaha na ya kurithi.

Ukitoa upinde kisha siku mingi, vuta nusu tu, polepole, mara 20 hivi, halafu njo uvute yote.