Somo: Reli ya Kijapani juu ya ubao wa sentimita 70 kwa 50

Ukitaja treni ya Kijapani, kila mtu anaiwazia Shinkansen, ile ya mwendo kasi. Ndipo mtu anaponunua modeli ya mabehewa 16, anafika nayo nyumbani, na kugundua kwamba hata ukumbi mzima hauitoshi. Ushauri wangu ni mmoja, na somo lote limejengwa juu yake: usiibane reli kubwa iingie kwenye ubao mdogo. Tafuta reli ambayo hata huko Japani kwenyewe ni ndogo.

Reli hiyo ipo. Inaitwa Enoden, inatoka Fujisawa hadi Kamakura, kusini-magharibi mwa Tokyo. Ilianza kazi mwaka 1902. Ina kilomita 10 tu, stesheni 15, njia moja yenye sehemu chache za kupishana, na handaki moja, lile la Gokurakuji la mwaka 1907. Inapita nyuma ya majiko ya watu, inaingia barabarani pamoja na magari, kisha inatokeza ufukweni. Vyote hivyo tunaweza kuviweka mezani.

Kwanza, hesabu

Tunatumia kipimo cha N, yaani reli zenye upana wa milimita 9 kati ya chuma na chuma. Modeli za treni za kawaida za Japani hutengenezwa kwa uwiano wa 1:150, na Shinkansen kwa 1:160. Kwa hiyo mita moja ya kweli ni milimita 6.7 kwako. Mtu wa sentimita 165 ana milimita 11. Mlango wa mita mbili una milimita 13. Nguzo ya umeme ya mita 10 ina milimita 67. Andika namba hizi kwenye kipande cha karatasi ukibandike ukutani, maana utazihitaji kila siku.

Sasa tuje kwenye kona. Wazoefu watakwambia kona kali inaharibu sura ya modeli, na kwa reli kubwa wana haki. Lakini Enoden ina kona ya nusukipenyo cha mita 28, karibu na hekalu la Ryūkōji. Gawa kwa 150, unapata milimita 187. Kampuni ya KATO inauza reli za Unitrack Compact zenye nusukipenyo cha milimita 183. Tofauti ni milimita nne! Kona ambayo kwa wengine ni aibu, kwako ndiyo ukweli wenyewe.

Vifaa vya reli

- Vipande 8 vya kona R183, kila kimoja nyuzi 45
- Kipande 1 cha moja kwa moja cha milimita 186
- Kipande 1 cha milimita 124
- Kipande 1 cha milimita 62 chenye waya wa kuingiza umeme

Vipande vya 124 na 62 vinafanya upande mmoja, cha 186 kinafanya upande wa pili. Ukiunganisha vyote unapata duara refu la milimita 577 kwa 391, pamoja na tuta la plastiki lililoshikana na reli. Kwenye ubao wa milimita 700 kwa 500 inabaki nafasi ya bahari mbele na ya nyumba pembeni.

Treni yenyewe: seti moja ya Enoden ni mabehewa mawili yanayoshirikiana magurudumu ya katikati, kwa modeli ni kama sentimita 17. Kampuni ya MODEMO imezitoa kwa N. Ukikosa, KATO wana mfululizo wa Pocket Line, treni fupi zilizokusudiwa kona kali. Kabla ya kulipa, soma maelezo ya modeli uone kona ya chini kabisa inayoruhusiwa. Behewa la kawaida la mita 20 huku hulipeleki.

Umeme: soma hapa mara mbili

Treni inatumia umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, usiozidi volti 12. Ukiongeza volti inakimbia, ukigeuza chanya na hasi inarudi nyuma. Hakuna siri nyingine.

Hatari iko kwenye adapta. Japani nyumbani kuna volti 100. Tanzania ni 230, Kenya 240. Kidhibiti mwendo kilichonunuliwa Japani kikichomekwa ukutani kwetu kinaweza kuungua papo hapo. Geuza adapta usome palipoandikwa INPUT. Kama ni 100–240V, unahitaji plagi ya kubadilisha umbo tu. Kama ni 100V peke yake, tafuta transfoma ya kushusha umeme, au iache adapta hiyo kabisa ununue ya volti 12, ampea 1, pamoja na kidhibiti mwendo cha mota ndogo chenye swichi ya kugeuza mwelekeo. Kariakoo au Luthuli Avenue utavipata kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Weka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya. Treni kuanguka na kuziunganisha reli mbili ni jambo la kila siku, na fyuzi ni rahisi kuliko kidhibiti.

Hatua ya 1: ubao

Plaiwudi ya milimita 9, na fremu ya mbao nyembamba chini yake ili isipinde. Juu yake bandika stairofomu ya sentimita 3, ile nyeupe inayokuja na friji au televisheni mpya. Tumia gundi nyeupe ya mbao peke yake. Gundi ya viatu na rangi ya kopo la kupuliza zinaiyeyusha stairofomu mbele ya macho yako.

Hatua ya 2: endesha kabla ya kubandika

Panga reli, acha sentimita 2 nyuma na karibu sentimita 9 mbele. Endesha treni taratibu sana, mwendo wa mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Mahali inaposita, bonyeza kiungo kwa vidole mpaka uso wa reli uwe sawa. Pitisha ukucha, usikwame popote. Waache watoto waendeshe, waache wageni waendeshe. Kasoro iliyojificha itajitokeza sasa, kabla mlima haujakaa juu yake.

Hatua ya 3: mpangilio

Hapa ndipo wengi wanakimbilia kujaza nyumba. Subiri. Simama upande wa mbele na upange kwa tabaka, kama ilivyo kwenye stesheni ya Kamakurakōkōmae: bahari, ufuko, barabara, reli, jukwaa, mlima. Abiria aliyekaa kwenye benchi ya jukwaa anaona reli, barabara na maji, basi. Ukiufuata mpangilio huo, jukwaa linakaa ndani ya duara, na mlima nyuma yake unaifunika reli ya upande wa pili. Treni inaingia handakini, inapotea, halafu inatokea kwingine. Jicho linasahau kwamba ni duara.

Jukwaa lisizidi sentimita 17. Kwa kweli likiwa fupi zaidi ni sahihi pia: kwenye stesheni ya Koshigoe jukwaa halitoshi treni ya mabehewa manne, hivyo behewa moja halifungui milango.

Hatua ya 4: mlima na handaki

Panga vipande vya stairofomu kama ngazi, chonga kwa kisu kikali, kisha funika kwa karatasi za gazeti zilizochovywa kwenye jipsamu laini. Mdomo wa handaki uwe na kimo cha milimita 50 kutoka kwenye uso wa stairofomu, pale reli inapokaa. Kwenye kona pana zaidi, kwa sababu tumbo la behewa linatoka ndani na pembe zake zinatoka nje. Pitisha treni kwa mkono kabla jipsamu haijakauka.

Nyuma ya mlima acha wazi. Mkono wako lazima ufike kwenye reli yote. Mtu anayefunga handaki pande zote anajichimbia kaburi la treni.

Miteremko mingi ya Japani iliyo karibu na reli imefunikwa zege lenye miraba. Chora miraba hiyo kwenye jipsamu mbichi kwa rula na kijiti, paka kijivu, kisha pitisha maji ya rangi nyeusi yakae kwenye mifereji. Hicho kitu kidogo kinasema Japani kuliko lango jekundu la hekalu, ambalo kila anayeanza hulibandika popote.

Hatua ya 5: bahari

Kata stairofomu ya mbele, upana wa kama sentimita 4, mpaka ufikie plaiwudi, barabara ibaki juu na ukuta wa zege ushuke ufukweni. Sisi wa pwani mkono unakwenda wenyewe kwenye mchanga mweupe na maji ya feruzi kama ya Nungwi. Zuia mkono. Mchanga wa Inamuragasaki una chembe za chuma, ni wa kijivu kinachoelekea weusi, na maji ya ghuba ya Sagami ni buluu nzito. Paka rangi ya maji, iache ikauke kabisa, halafu vanishi inayong'aa kwa tabaka nyembamba. Tabaka nene kwenye hewa yenye unyevu linabaki na ukungu mweupe. Mawimbi ni karatasi ya chooni iliyosokotwa na kubandikwa kwa gundi nyeupe, vilele vikapakwa nyeupe kwa brashi iliyokaribia kukauka.

Hatua ya 6: mji

Nyumba tengeneza kwa kadibodi. Paa ni la vigae vya kijivu au buluu iliyokolea. Ghala dogo lina mabati, na mabati unayapata kwa kuigandamiza karatasi ya alumini juu ya nyuzi za bolti. Miti ni sponji ya kuoshea vyombo iliyokatwakatwa na kulowekwa kwenye kijani cha aina tatu. Majani ya chai yaliyotumika, yakikauka, ni udongo mzuri.

Nguzo za umeme usizisahau. Vijiti vya mishikaki vilivyopakwa kijivu, vingi kuliko unavyodhani inafaa, kwenye kila kichochoro. Ongeza kivuko cha reli chenye vizuizi vya njano na nyeusi, mashine ya kuuza vinywaji, kioo cha duara kwenye kona. Magari yanapita kushoto kama kwetu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, somo limesimama. Lakini mimi roho yangu iko kwenye Shinkansen. Hakuna namna kabisa? (Dodoma)

Kuendesha, hapana. Behewa lake la mita 25 ni milimita 156 kwa modeli, na kwenye R183 halipiti. Anza na R315 kwenda juu, maana yake ni ubao wa karibu sentimita 70 upana kwa kona peke yake. Kuna njia nyingine: pandisha daraja la zege nyuma ya mlima, weka behewa moja au mawili yakiwa yamesimama. Ila hapo si Enoden tena, kwa hiyo mimi nisingefanya.

Ndugu, naomba kujua kama reli hizi zinafaa kutengeneza TAZARA. Si upana ni ule ule wa Japani? (Mbeya)

Ndiyo, TAZARA na reli za kawaida za Japani zote ni milimita 1067. Kwa uwiano wa 1:150 ilitakiwa reli ya modeli iwe na milimita 7.1, Wajapani wakakubali 9 ili kutumia kipimo kilichoenea duniani. Kwa hiyo treni zao zinasimama kwenye njia pana kidogo kuliko haki, na wewe utakuwa na kasoro hiyo hiyo. Vichwa vya TAZARA itabidi ujitengenezee bodi, uikalishe juu ya chasisi ya modeli ya Kijapani. Reli ya kati ya zamani ni milimita 1000, hiyo inakosea zaidi. SGR ni 1435. Kwake tumia 1:160.

Kwetu umeme unakatika. Naweza kutumia betri ya sola? (Kigoma)

Unaweza, lakini pitia kwenye kidhibiti mwendo, usiunge betri moja kwa moja kwenye reli. Betri iliyojaa au inayochajiwa inazidi volti 12. Na fyuzi hapa ni lazima, iwe karibu na betri: reli mbili zikigusana, betri ya sola inatoa mkondo wa kuyeyusha waya.

Assalaam aleikum. Ile njia inayopita katikati ya mtaa, unaifanyaje? Nimejaribu kwa jipsamu treni ikaruka. (Mombasa)

Waaleikum salaam. Jipsamu imejaa kwenye njia ya ukingo wa gurudumu. Kati ya reli weka ukanda wa kadibodi wa milimita 7, ibaki milimita moja kila upande, na uso wake uwe chini kidogo ya uso wa reli. Nje ya reli unaweza kujaza hadi karibu usawa. Paka kijivu cha lami, lakini safisha reli kabla haijakauka.

Chumvi ya hewa je? Huku kila chuma kinaliwa. (Unguja, Mkokotoni)

Reli za KATO hazishiki kutu kama chuma, ila zinafubaa na treni inaanza kusita. Futa kwa kitambaa chenye IPA, ile alkoholi wanayotumia mafundi simu. Msasa usiuguse kabisa, unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu. Usiku funika ubao kwa shuka.

Niko Yokohama kimasomo, narudi nyumbani mwakani. Ninunue nini huku? (mwanachama mpya)

Dada, una bahati, Enoden iko karibu nawe. Kaipande kwanza, upige picha za kuta, mifereji na nguzo, maana picha za treni zimejaa kila mahali. Kisha pita kwenye maduka ya Hobby Off au Popondetta, kwenye makasha ya vitu vilivyotumika. Nunua treni na reli. Kidhibiti mwendo nunua kama tu adapta yake inakubali 240V. Plaiwudi, gundi na rangi tuachie huku.